Maua Ndani ya Folda Isiyokaguliwa

Mama alianza kuniita nimsomee kompyuta nilipokuwa kidato cha pili. Kabla ya hapo alikuwa ananifukuza nisiiguse. Halafu ugonjwa wa sukari ukaanza kumla macho, kwanza pembeni, kisha kama moshi katikati, na mimi nikawa naitwa kila nikitoka shule. "Njoo uone hapa panasema nini." Nikawa nasoma. Mimi si mtu wa kuongea, wageni wakija huwa najificha jikoni, lakini kumsomea mama nilipenda, kwa sababu maneno hayakuwa yangu.

Mama ni fundi wa kudarizi. Kompyuta yetu ipo sebuleni, Igogo, juu ya meza ya kulia ambayo hatulii. Mashine yake ya kudarizi ipo Mabatini, kwenye chumba anachochangia na mafundi cherehani wengine. Ua analichora nyumbani kwenye kompyuta, analihamishia kwenye flashi, anaichomeka flashi kwenye mashine kule Mabatini, na mashine inashona yenyewe. Sindano inakwenda huku na huku kama inayoijua njia, na mama amekaa pembeni anakunywa chai isiyo na sukari na kuwasema watu.

Ndiyo maana macho yalipoanza kwenda hakulia sana. Daktari alimwambia kilichoharibika hakirudi, wanalinda kilichobaki. Tulipotoka pale nikawa nimemshika mkono, yeye ndiye akanituliza.

"Maua nimeshayachora," akasema. "Yote yamo kwenye kompyuta. Mashine haina haja na macho yangu. Wewe utanivishia nyuzi, utabonyeza, mimi nitasikiliza inavyoshona. Mlio wake naujua."

Yalikuwa maua mengi, ya miaka mingi. Lililojulikana zaidi lilikuwa la magugu maji. Kwetu kando ya ziwa magugu maji ni adui: yanaziba mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, yanashika injini, yakioza yananuka mpaka ndani ya nyumba. Lakini yakitoa maua ni ya zambarau, na petali ya juu ina doa la njano katikati. Mama alikaa ufukweni na karatasi akalichora ua lile akiwa bado anaona vizuri, kisha akalihamishia kwenye kompyuta mshono kwa mshono. Mteja wa kwanza alimcheka: "Magugu maji kwenye kitanda cha bi harusi? Unataka azibe kizazi?" Baadaye yeye mwenyewe akarudi kuagiza. Ikafika mahali Mabatini nzima bi harusi asipokuwa na shuka na foronya za magugu maji, mashangazi wananong'ona.

Sasa niseme kuhusu flashi. Kule Mabatini kila fundi anachomeka flashi yake kwenye mashine za wenzake, na wengine wanatoka nazo kwenye vibanda vya kuweka nyimbo. Flashi ya mama iliwahi kurudi na kile kirusi kinachoficha mafaili na kuacha vivuli vyake, ukibonyeza hakifunguki kitu. Baada ya hapo mama akaweka sheria: flashi ikirudi nyumbani lazima ioge. Ndivyo tulivyokuwa tunasema, kuogesha flashi. Naichomeka, antivirusi inaipekua, halafu naifomati yote inabaki tupu, ndipo inawekewa ua la kesho. Nilikuwa naifanya kazi hiyo kwa bidii, kama mtu anayewanawisha watoto mikono kabla ya kula. Mama akiuliza "Umeiogesha?" najibu "Nimeiogesha," naye anaridhika. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba kila ua lililokuwa kwenye ile flashi tulikuwa tunaliosha pamoja na uchafu.

Programu ya kudarizi ikagoma mwaka jana. Ilikuwa inafunguka, inaonyesha maneno ya leseni, inajifunga. Mama alikuwa na oda ya harusi, na mwenye oda ni shangazi wa bi harusi, mwanamke wa Mabatini anayeuza vyombo, ambaye akiingia mahali unamsikia kabla hujamwona. Alikuwa anapiga simu kila asubuhi. "Fundi, mtoto wetu ataolewa ama atalala juu ya godoro tupu?"

Basi akaitwa fundi wa kompyuta, kijana mmoja mchangamfu ambaye nusu ya mtaa wanamtegemea. Alikuja Jumamosi, baba akiwa nyumbani. Baba anafanya kazi idara ya mifugo upande wa Sengerema, anavuka kwa kivuko cha Kamanga Jumatatu na kurudi Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yake ya kukaa sebuleni na kuuliza maswali.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee," fundi akasema akiwa tayari anavuta kiti. Akachomeka flashi yake mwenyewe. Nilitaka kumwambia ioge kwanza. Maneno yalifika kooni yakarudi.

Alikuwa ameleta programu mpya ya kudarizi, ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kununuliwa. Alipoanza kuiweka tu, pembeni ya skrini pakatokea kibao chekundu na sauti ya kengele. Mama akageuza uso upande wa sauti.

"Panasema nini?"

Nikasoma na kumtafsiria. "Tishio limeonekana. Kiwango chake ni kikali. Limewekwa karantini."

"Karantini?" baba akasema, akaweka kikombe chini. "Hata humo iko karantini?"

"Ni hivyo hivyo mzee," fundi akacheka. "Antivirusi ikikutana na faili inayoitilia shaka, ina njia zake. Inaweza kuifuta kabisa. Inaweza kujaribu kuisafisha, kama kirusi kimejibandika tu kwenye faili nzuri. Ama inaifungia kwenye chumba chake, haiwezi kukimbia wala kugusa kitu, inasubiri mwenye kompyuta aamue."

"Kama ng'ombe," baba akasema. "Ukimshuku unamtenga kwenye zizi lake. Humchinji, humuuzi, na mnadani haendi. Unamwangalia."

"Sasa mzee, huyu wenu ni mzima. Antivirusi inaona kufuli limevunjwa, inapiga kelele tu. Hizi za kukraki zote inazilalamikia."

"Zote?"

"Zote."

"Na ikitokea kati ya zote mmoja ni mgonjwa kweli, itapiga kelele gani?"

Fundi akaacha kubonyeza. Kisha akasema, "Kelele hiyo hiyo."

Nakumbuka nilimtazama baba, nikidhani atasema basi, toa. Hakusema. Simu ya mama ilikuwa inaita mezani, shangazi wa bi harusi tena, na baba akaitazama ile simu, akamtazama mama anavyoipapasa, akachukua kikombe chake. "Haya," akasema. "Nyie ndio mnajua."

Fundi akaeleza kwamba haitoshi kuitoa karantini, maana kesho itakamatwa tena. Inabidi antivirusi iambiwe folda nzima ya kudarizi isiikague. Folda hiyo ndiyo iliyokuwa na programu, na ndani yake ndimo mama alimokuwa akiweka maua, tangu mwanzo, kwa sababu ndipo programu ilipoyaweka yenyewe. Ukaja ukurasa wa kuuliza kama kweli tunataka. Nikausoma wote kwa sauti, pamoja na ile sehemu inayosema kompyuta yako inaweza kuwa hatarini. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini niliisoma.

Mama akasema, "Nipe mkono."

Nikauweka mkono wake juu ya kipanya, nikausogeza mpaka kwenye neno la kuruhusu.

"Ndipo hapa?"

"Ndipo."

Akabonyeza mwenyewe. Fundi akasema, "Safi sana mama," na programu ikafunguka, na maua yake yote yakawa yamejipanga pale kama kawaida. Mama hakuyaona vizuri lakini alitabasamu, kwa sababu nilimtajia moja moja.

Zilipita wiki kadhaa. Shuka la harusi likashonwa nusu: foronya zikatoka, shuka lenyewe likawa linasubiri kitambaa cha upana mkubwa. Flashi ikaendelea kuoga. Nilianza hata kusahau.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka shule, sijavua hata soksi. Mama alikuwa ameiwasha kompyuta mwenyewe na amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Inachelewa leo," akasema. "Inapumua kwa nguvu. Isikilize."

Kweli feni ilikuwa inavuma. Nikafungua folda ya kudarizi. Picha ndogo za maua hazikuwepo. Kulikuwa na karatasi nyeupe tupu, safu kwa safu, na kila faili lilikuwa na jina lake la zamani lakini limeongezewa mkia wa herufi zisizo na maana. Nikabonyeza la magugu maji. Halikufunguka. Nikabonyeza la mkorosho, la mnyororo, la pembe za kanga. Nikawa nabonyeza tu.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

Kulikuwa na faili moja linalofunguka, la maandishi ya Kiingereza. Lilisema mafaili yako tumeyafunga, ufunguo tunao sisi, ukitaka wasiliana nasi. Nilisoma mara ya kwanza kimoyomoyo. Mara ya pili nikamsomea.

Ndipo kengele ikalia, na kile kibao kikatokea pembeni. Tishio limeonekana. Sekunde chache baadaye kikabadilika kikawa na alama ya tiki ya kijani. Tishio limezuiwa na kuwekwa karantini. Hakuna hatua inayohitajika.

"Na hiyo imesema nini?"

"Inasema hakuna hatua inayohitajika."

Mama akarudia maneno hayo polepole. Hakupiga kelele. Aliinuka akaenda uani, nikasikia anafua kitu ambacho nadhani kilikuwa kimeshafuliwa.

Baadaye nilielewa. Kile kirusi kilikaa ndani ya folda tuliyoiombea isikaguliwe, kikafunga kila kilichokuwa humo, ua kwa ua, bila mtu kukiuliza. Kilipomaliza kikatoka nje kutafuta vingine. Kikaanza na folda yangu ya shule, na hapo hapo antivirusi ikakidaka, kwa sababu huko ilikuwa inaruhusiwa kutazama. Kwa hiyo maelezo yangu ya biolojia yalipona. Picha za Idi zilipona. Fomu za baba za chanjo ya ng'ombe zilipona zote. Ningeona afadhali kama yangekwenda yangu.

Fundi wetu mchangamfu hakupokea simu siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu akapokea, akasema, "Mama, hiyo itakuwa imeingia kwa flashi za Mabatini." Mama akasema, "Flashi yangu inaoga," akakata.

Baba akatupeleka kwa fundi mwingine mjini, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alikaa na kompyuta yetu muda mrefu. Baba alikuwa na swali moja tu. "Si imeshakamatwa? Imo karantini. Basi irudishe ilichofunga."

"Mzee, antivirusi inamkamata mwizi. Funguo alizotupa ziwani haiwezi kuzipigia mbizi," fundi akasema. "Ingemkamata kabla, mngekuwa salama. Baada ya hapo kazi yake ni kumzuia asiendelee."

"Hakuna nakala kwingine? Kwenye flashi?" fundi akauliza tena.

Flashi ilikuwa tupu, imeoga. Nilitazama viatu vyangu.

Kisha akatupa tumaini dogo, na wakati mwingine natamani asingetupa. Alisema tusiyafute mafaili yaliyofungwa. Wapo watu duniani wanaochunguza virusi hivi, na mara nyingine ufunguo wa aina fulani huja kupatikana. Na huyo aliyeko karantini asiguswe pia, asitolewe na asifutwe, huenda siku moja akahitajika ili kujua ni wa aina gani. Maua aliyahamishia kwenye diski yake, yakiwa yamefungwa vile vile. Kirusi hakukihamisha. "Huyo siwezi kukaa naye hapa," akasema. "Abaki huko alikofungiwa."

Tangu hapo mama akawa na swali jipya. Sheria ya flashi ilikufa, hakuna tena aliyeuliza kama imeoga. Jioni nikimaliza kuosha vyombo ananiambia, "Kaangalie kama bado yumo." Nawasha kompyuta, naingia kwenye antivirusi, nafungua orodha ya walio karantini. Yumo peke yake, na jina lake refu, na tarehe aliyoingia, na chini yake vitufe viwili: ondoa, rudisha. Nilikuwa naogopa hata kupitisha kipanya karibu. "Yumo," nasema. Na mama anasema, "Haya." Nilikuwa nawaza kwamba kirusi yule amehifadhiwa vizuri sana, mzima, hajapungukiwa na herufi, kuliko chochote mama alichowahi kutengeneza.

Shangazi wa bi harusi akaja mwenyewe. Tulimsikia tangu kwa jirani.

"Fundi! Kompyuta yako imekula shuka la mtoto wetu?"

"Imekula, dada," mama akasema. "Kaa."

"Sikai. Foronya mbili bila shuka ndiyo nini? Atavaa masikioni?" Lakini akakaa. Alimtazama mama usoni kwa muda, nadhani hakuwa amejua macho yamefikia pale, na sauti yake ikashuka. Akafungua mkoba akatoa foronya moja kati ya zile zilizokwisha shonwa. "Mimi nilidhani unaweza kunakili kutoka hapa. Ua si hili hili?"

Mama akaichukua, akaipapasa kwa vidole vya mikono yote miwili. Aliipapasa kama anavyompapasa mtoto mchanga anayeletewa amshike. Kisha akaniita.

Tulifanya kazi ile siku nyingi, mimi kwenye kipanya kwenye programu halali ya majaribio aliyotuwekea yule fundi wa mjini, na mama na foronya mapajani ananielekeza. "Hapa mshono unalala kushoto. Hapa unabana. Hapa chini kuna mwingine umefichwa, ndio unaoliinua." Mimi nilichora nilichokuwa nakiona. Sikujua kwamba ua la uzi lina nyama chini ya ngozi. Mama alikuwa anajua, lakini alikuwa analijua mkononi na machoni kwa pamoja, na nusu moja ya ujuzi ule ilikuwa imeshaondoka.

Ua tulilipeleka Mabatini, nikavisha nyuzi, nikabonyeza. Mashine ikaanza. Mama alikuwa amekaa pembeni, kichwa kimeinama, anasikiliza. Kabla hata haijafika katikati akasema, "Siyo."

"Bado inashona, mama."

"Nasikia. Inakwenda moja kwa moja. La kwangu lilikuwa linasita kabla ya doa."

Ikamaliza. Fundi cherehani wa meza ya jirani, mtu wa mzaha, akachungulia. "Eh, kabichi ya zambarau hiyo," akasema, halafu akaona uso wangu akarudi kwenye kazi yake.

Mama akanyoosha mkono, nikampa. Akapitisha kidole kwenye petali, akafika juu, akakizungusha pale pale.

"Doa halipo."

"Lipo, mama. La njano."

"Rangi ipo. Doa halipo."

Shangazi alilichukua shuka. Hakutania. Alisema "Ni zuri, fundi, Mungu akubariki," kwa ile sauti wanayotumia watu wakitoka kumwona mgonjwa. Harusi ilifanyika. Sikwenda, lakini niliambiwa kitanda kilitandikwa shuka jingine, la dukani, na ile foronya moja waliyobaki nayo iliwekwa juu yake.

Sasa mama anashona nembo za sweta za shule. Michoro yake inaletwa na wateja wenyewe, tayari, haina kuchora. Mimi navisha nyuzi nikitoka shule. Anasema ni kazi nzuri. Mlio wa nembo haumpendezi, naona anavyogeuza sikio upande wa barabarani.

Wiki iliyopita, baada ya vyombo, akaniambia kama kawaida nikaangalie. Nikawasha. Nikafungua orodha. Ilikuwa nyeupe. Nilitoka nikaingia tena, nikidhani nimekosea mahali. Nikasoma maelezo ya pembeni, na yalisema vilivyokaa karantini kwa muda mrefu hufutwa vyenyewe. Juu kabisa kulikuwa na ile tiki ya kijani.

Nilikaa pale nikitafuta namna ya kusema. Baba alikuwa upande wa Sengerema, kwa hiyo tulikuwa wawili tu.

"Yumo?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Hayumo."

Akainua kichwa haraka. "Katoroka?"

"Hapana. Kompyuta imemfuta. Muda wake ulikwisha."

Mikononi mama alikuwa na ile foronya ya shangazi, ambayo haikurudishwa na hakuna aliyeiulizia, ameikunja nne. Kidole kimoja kilikuwa kimepita katikati ya mikunjo, na nilijua kimegusa wapi.

"Basi izime," akasema. "Umeme unaisha bure."

Nikaizima.